Mabakuli Mawili ya Tambi

Nyumbani kwetu Ruziba, mtu akifanya kosa na mwenyewe akajua kwamba amekosa, haambiwi kitu mpaka ale. Mama humpa sahani, hukaa kando akichambua ndagala, humngoja. Sahani ikiisha ndipo maneno huanza. Kwa hiyo shangazi yangu aliponishika mkono mchana ule katika jiji la Guangzhou, kusini mwa China, akanivusha barabara bila kusema neno na kuniingiza katika mgahawa mdogo wenye kibao cha kijani, nilijua kinachoningoja. Kwanza ningekula. Kisha ningeambiwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimemtia hasara ya yuan 600, zaidi ya dola 80.

Nirudi nyuma kidogo. Shangazi anauza viatu na nguo za watoto Buyenzi. Hakumaliza shule ya msingi. Alichosoma zaidi ni chuoni, kwa maana ile ya zamani ya neno chuo: alikaa mkekani, akafundishwa herufi za Kiarabu na sura fupi za Kurani. Mtaji wake hutoka katika ikirimba, kundi la akina mama wanaochanga kila wiki na kupokezana. Zamu yake ikifika hutafuta dola, na yeyote aliyeishi Bujumbura miaka hii anajua kutafuta dola ni kazi gani. Akizipata, husafiri. Kabla ya safari tuliyokwenda pamoja, Oktoba 2024, alikuwa amekwenda China mara sita, peke yake.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili, mwaka wa pili. Wenzangu mnaosoma insha hii mnalijua swali tunaloulizwa tukisema tunasoma nini. Mtu husema, "Kiswahili? Sawa. Na kisha?" Nililisikia kwa jirani, nikalisikia kwa mjomba, nikalisikia kwenye foleni ya basi. Nikatafuta jibu, nikajiandikisha katika darasa la Kichina la Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mwaka ule mafuta yalikosekana na mabasi yakawa ya kubahatisha. Jioni nyingi tulirudi kwa miguu, kutoka mjini hadi Kanyosha, na sisi wa Ruziba tukaendelea mbele zaidi, ziwa likiwa upande wa kulia na milima upande wa kushoto. Nilihesabu hatua zangu kwa Kichina: yi, er, san, si. Nilipopata cheti, baba alikitundika ukutani karibu na kalenda. Sikukuu ya Idi shangazi alikuja kututembelea, akakisoma kile cheti kwa macho, akasema, "Basi nimepata mkalimani."

Tiketi yangu ilitoka katika zamu yake ya ikirimba. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Tulipitia Addis Ababa, tukafika Guangzhou, tukapanga chumba mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia. Pale unatembea kando ya barabara na kusikia Kiswahili cha Dar es Salaam, cha Mombasa na cha Lubumbashi kabla hujasikia Kichina. Shangazi alisalimiana na watu kila hatua kumi. Mimi nilingoja soko. Pale Xiaobei hakuna aliyenihitaji. Sokoni, nilidhani, ndipo ningeonekana.

Siku ya tatu tuliingia katika soko la viatu vya jumla. Masoko yale yana desturi yake. Muuzaji hakutajii bei. Huiandika kwenye kikokotoo na kukusogezea. Wewe unafuta, unaandika bei yako, unamrudishia. Anatikisa kichwa, anafuta, anaandika. Watu wasiojua hata salamu za wenzao hununua na kuuza kontena zima kwa njia hiyo, na wanaelewana.

Yule mama muuzaji alisogeza kikokotoo, na shangazi akanyoosha mkono kukipokea. Mimi nikakirudisha. Nilikisukuma kwa vidole viwili, nikatabasamu, nikamwuliza kwa Kichina bei ya jozi moja. Nilitaka shangazi asikie. Kusema kweli, nilitaka hata wateja wa duka la pili wasikie.

Akajibu. Mimi nikasikia si kuai, yaani yuan nne.

"Anasema nne," nikamwambia shangazi.

"Nne? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kandambili hizi kwa nne?"

"Ndivyo alivyosema, shangazi."

Akataka jozi 500. Muuzaji akaomba yuan 600 za kuanzia, shangazi akazihesabu mara mbili, akampa. Risiti ilipoandikwa ndipo tukaona. Haikuwa nne. Ilikuwa kumi. Jumla haikuwa yuan 2,000 ila 5,000, na shangazi hakuwa na 5,000 za kuweka kwenye kandambili peke yake.

Katika Kichina cha darasani, nne ni si, sauti ikishuka. Kumi ni shi, sauti ikipanda. Watu wengi wa kusini hutamka sh kama s, kwa hiyo kinachobaki kutenganisha nne na kumi ni sauti tu, kama inashuka au inapanda. Mwalimu alitutahadharisha. Na aibu yangu kubwa iko hapo, kwa maana mimi ni Mrundi na lugha ya mama yangu ina toni. Neno inda kwa Kirundi ni tumbo, na kwa toni nyingine ni chawa, na hakuna mtoto wa Ruziba anayechanganya hayo mawili. Sikio langu liliweza kusikia. Sikusikiliza, kwa sababu nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Nilimsihi yule mama kwa Kichina changu chote. Alikataa kurudisha pesa. Watoto wa duka walikuwa wameshaanza kufunga mzigo. Shangazi hakubishana. Aliikunja risiti mara nne, akaiweka kwenye kipochi, akanishika mkono.

Huo mgahawa tulioingia ulikuwa na meza saba. Juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa ya Kichina, na pembeni yake neno moja kwa herufi za Kiarabu. Ndani kulikuwa na joto la sufuria, harufu ya supu ya ng'ombe na bizari, na kishindo, pa! pa!, kama mtu anayefua nguo juu ya jiwe. Alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe, anapiga donge la unga mezani.

"Asalamu aleikum," shangazi akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia akiingia duka la jirani Buyenzi.

"Waaleikum salamu," kijana akajibu, maneno yakipita puani kidogo, na hakuacha kupiga unga.

Migahawa ya namna hii iko karibu kila mji wa China. Chakula chake kinajulikana kwa jina la Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu, mbali kaskazini-magharibi, kwenye Mto Huang He. Wenye migahawa wengi hutoka wilaya ya Hualong, katika jimbo jirani la Qinghai, na wengi wao ni Wahui, Waislamu ambao lugha yao ni Kichina kama majirani zao. Wameacha vijiji vyao na kwenda kuvuta unga katika miji ya watu wengine. Shangazi hakunieleza hayo. Mengine nilikuja kuyasoma baadaye. Yeye alinyoosha kidole kidogo, akamwonyesha kijana upana wake. Kijana akaitikia kwa kichwa. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anaulizwa anataka tambi za unene gani, maana ziko nyembamba kama unywele, ziko za mviringo, ziko bapa kama jani la kitunguu, na ziko pana kama mkanda wa suruali.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno tambi, kwa kuwa walimu wangu wataliuliza. Sisi Waswahili tukisema tambi tunafikiria zile nyembamba za pakiti, zinazokaangwa na kupikwa kwa sukari, iliki na zabibu. Shangazi mwenyewe haziiti hizi tambi. Anaziita "makaroni ya kuvuta." Mimi nimeandika tambi kwa sababu ndilo neno letu la karibu, lakini jina la shangazi lina kitu ambacho langu halina: limetaja kazi. Hicho chakula ni kuvuta.

Kijana alichukua kipande cha donge, akakipaka mafuta, akakiviringisha kama kamba nene. Akashika ncha mbili, akafungua mikono hadi ikaenea kifua chake chote, kamba ikanyumbuka. Akakutanisha ncha, akaingiza kidole kwenye kitanzi, akavuta tena. Hakukuwa na kisu wala mashine. Mkunjo wa kwanza, nyuzi mbili. Wa pili, nne. Wa tatu, nane. Alinyunyiza unga zisishikane, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitahesabu tena kwa Kichina maisha yangu yote, na nikajikuta nahesabu. Mkunjo wa saba, nyuzi 128, zote sawa, zote kutoka kamba moja, na hakuna hata moja iliyokatika. Zilinikumbusha nyuzi za nyavu ambazo wavuvi wa kwetu huzinyoosha ufukweni kabla ya kuingia ziwani jioni. Akazitupa kwenye maji yanayochemka, na kabla sijamaliza kukunja mikono ya shati langu zilikuwa ndani ya bakuli.

Supu ni safi, unaona hadi chini. Juu yake kuna vipande vyeupe vya figili, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana, giligilani ya kijani, na mafuta mekundu ya pilipili yanayoelea. Wenyewe wana msemo wa kuhesabu rangi za bakuli hilo: supu angavu, figili nyeupe, pilipili nyekundu, majani ya kijani, tambi za manjano. Kila nilipoinua vijiti tambi ziliteleza zikarudi ndani. Shangazi alikula kwa vijiti kama aliyezaliwa navyo, akainama juu ya bakuli na kuvuta tambi kwa kelele, kama wote waliokuwamo. Mama angemkemea. Pale ndiyo ilikuwa adabu.

"Kula," akasema.

Nikala. Machozi yakaanza kunitoka, na nikashukuru kwamba kulikuwa na pilipili ya kusingizia.

Alipomaliza supu aliweka bakuli chini, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akaanza.

"Safari yangu ya kwanza nilikaa siku tisa bila chakula cha kupikwa. Ndizi, mkate, mayai ya kuchemsha. Nilikuwa sijui kuuliza nyama hii ni ya nini, na kila harufu niliyoisikia niliiogopa. Nilipungua mpaka pete ikanitoka kidoleni. Siku ya tisa nikapita njia kama hii nikaona maandishi. Nikasimama nikayasoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni. Ha. Lam. Alif. Lam. Nikasoma halali. Nikaingia, nikalia kabla sijala. Mwenye mgahawa alidhani nimefiwa."

Nilidhani ndiyo mwisho wa hadithi, kwamba ananifariji. Haikuwa hivyo.

"Mwanangu, pesa zimekwenda. Nimeshapoteza pesa kabla yako. Lakini ulivyoisukuma ile mashine, hapo ndipo uliponiumiza. Safari sita mimi nimeishika mashine ile. Ulifikiri ni ya wajinga."

Sikuwa na jibu kwa lugha yoyote.

Katika meza ya pembeni alikaa binti wa mwenye mgahawa, wa miaka minane au tisa, anaandika kazi za shule katikati ya mabakuli. Shangazi akanionyesha kwa kidevu. "Muulize bei." Alijua bei. Alikuwa amekula pale mara nyingi. Nikauliza. Binti akajibu, nikasikia kitu kati ya nne na kumi, nikanyamaza. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Nikamwomba mara ya tatu, na yule mtoto akashusha kalamu, akapishanisha vidole viwili vya shahada kama alama ya kujumlisha, ambayo kwao ni kumi, kisha akafungua kiganja: tano. Yuan 15 bakuli moja. Nikarudia kwa sauti. Akatikisa kichwa. Nikarudia. Akapandisha kidole hewani kunionyesha kwamba sauti inapanda, inapanda. Mara ya nne akakubali, akarudi kwenye daftari lake kama mwalimu aliyechoka. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nikahesabu yuan 30, nikampa yule binti, naye akazihesabu mara mbili.

Nimelifikiria bakuli lile mara nyingi tangu tuliporudi. Kwa Kirundi, ururimi ni ulimi, kile kiungo cha kinywani, na pia ni lugha. Kiswahili kimeyatenga hayo mawili: ulimi ni wa kuonja, na lugha tumeichukua kutoka Kiarabu. Labda ndiyo maana mwanafunzi wa Kiswahili kama mimi nilisahau kwamba ni kitu kimoja. Nilijifunza Kichina kama pambo la ukutani. Shangazi anajua maneno ya Kichina yasiyozidi ishirini, lakini kila mojawapo lilimgharimu njaa, au pesa, au aibu, na kila mojawapo linafanya kazi. Na neno lililomwokoa, halali, halikuwa la Kichina hata kidogo. Lilikuwa ndani ya Kiswahili chake tangu utotoni. Limo pia ndani ya changu, kile Kiswahili ambacho nilikuwa nakitafutia "na kisha."

Sisemi kwamba Kiswahili kinatosha, wala kwamba Kichina hakina faida. Bado nakisoma, na sasa nakisikiliza zaidi kuliko ninavyokisema. Nasema tu kwamba mtu akiniuliza swali lile kwenye foleni ya basi, sioni haya tena, na sitafuti lugha nyingine ya kujifichia.

Tuliporudi Ruziba nilijaribu kuvuta tambi. Nilinunua unga wa ngano, nikaukanda nusu saa nzima, nikaupumzisha, nikaupaka mafuta. Mama aliacha kazi zake kuja kutazama, na watoto wa jirani wakajipanga mlangoni. Nilifungua mikono. Kamba ikakatika. Nikakanda tena, nikavuta polepole, nikapata nyuzi mbili. Zilipotaka kuwa nne zikaanguka chini. Nilikuja kusoma kwamba kwa jadi watu wa Lanzhou walichanganya unga na maji ya majivu ya mmea wa jangwani, yenye nguvu kama magadi, na majivu hayo ndiyo yaliyoufanya unyumbuke. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba kijana yule huvuta unga kila siku iendayo kwa Mungu, na mimi nilitaka kuvuta mara moja mbele ya watu.

Mama hakutupa chakula. Alikusanya vile vipande vifupi na vinene, akavitia kwenye mchuzi wa mukeke wenye nyanya na vitunguu. Baba aliporudi akauliza kama ni spageti zilizovunjika njiani. Tulikula zikaisha.

Zile yuan 600 nazilipa. Kila Jumamosi nakaa dukani kwa shangazi Buyenzi, napanga viatu, naandika madeni ya wateja katika daftari, kwa Kiswahili. Hajaniambia nimebakiza kiasi gani, nami sijauliza. Kabla ya kuileta insha hii nilimsomea yote, yeye akikunja nguo. Alisikiliza bila kunikatiza, hata pale penye makosa yangu. Alinisahihisha jambo moja. Mwanzo nilikuwa nimeandika kwamba safari yake ya kwanza alikaa siku saba bila chakula cha kupikwa.

"Tisa," akasema.

"Saba au tisa?" nikamwuliza.

"Tisa."

Nikachukua kikokotoo chake juu ya meza, nikaandika 9, nikamsogezea. Akakitazama, akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikasahihisha.